Maneno Yashikayo Mahali

Ukurasa hupata umbo kabla haujapata maneno. Mwandishi aghalabu hudhani ya kuwa neno lake ndilo la kwanza, na ya kuwa karatasi, pambizo, safu na herufi ni watumishi wanaongoja lifike ndipo wainuke kulipokea. Lakini mtu yeyote aliyewahi kukaa katika chumba cha kupangia kurasa za jarida anajua kwamba mambo huenda kinyume, kwamba makala iliyoahidiwa Jumatatu huletwa Alhamisi, na kwamba katika siku hizo za kungoja msanifu hawezi kukaa mikono kifuani, ila hana budi kuchora safu zake, kuchagua ukubwa wa herufi, kutenga nafasi ya picha na ya kichwa cha habari, na kumwonyesha mhariri jinsi ukurasa utakavyokuwa siku utakapokamilika. Na kwa kuwa safu tupu haimwambii mtu kitu juu ya safu iliyojaa, hutiwa ndani yake maneno ya muda, maneno ambayo hayakuandikwa na mtu kwa mtu, hayana habari wala hoja, na ambayo siku yao ya kuondoka imekwisha kukatwa tangu siku ya kuingia. Hayo ndiyo maneno ya kujazia, na mafundi wengi huyaita "lorem" kwa kifupi, kwa neno lake la mwanzo.

Hutazamwa na watu wengi kila siku na kufikiriwa na wachache mno, na sababu ni kwamba hakuna anayeyachagua. Msanifu hubofya amri moja katika menyu ya programu yake, nayo yakamiminika. Na kitu kimiminikacho bila mtu kuulizwa hakimpi wasaa wa kukihukumu. Kwa hiyo mambo haya mawili, yaani maneno ya kujazia na menyu yatokamo, naona yapasa yatazamwe pamoja, kwani kila moja ni namna ya kutangulia: maneno huitangulia makala na kuipimia nyumba itakayokaa, na menyu humtangulia mtumiaji na kumkatia mambo atakayoyaona kuwa yawezekana. Na katika kazi ya ukurasa, atanguliaye ndiye apimaye.

Kipande kinachotumika zaidi kina nasaba ya heshima. Kilikatwa katika kitabu alichokiandika Cicero, khatibu na mwanasiasa wa Roma, mwaka 45 kabla ya kuzaliwa Nabii Isa, kitabu kinachochunguza upeo wa mema na maovu, na mahali palipokatwa ni pale anapojadili sababu za mtu mwenye akili kuiacha raha au kuyavumilia mashaka. Aliyeitambua asili hiyo ni Richard McClintock, mtaalamu wa Kilatini katika chuo cha Hampden-Sydney, Virginia, nchini Marekani, aliyelifuata neno moja adimu la kipande hicho katika vitabu vya Kilatini mpaka akafika kwenye chemchemi yake. Lakini mtu asidhani kwamba akiyatazama leo anamsoma Cicero: maneno yamekatwa vichwa, mengine yameongezwa herufi, sentensi zimeachwa katikati, hata mjuzi wa Kilatini hapati humo ila vipande vya maana vilivyotawanyika. Katika miaka ya 1960 na 1970 kampuni ya Letraset ya Uingereza, iliyoanzishwa mwaka 1959, iliuza karatasi za herufi ambazo fundi alizihamishia juu ya kazi yake kwa kuzisugua, na miongoni mwa karatasi hizo zilikuwamo zenye aya kamili za Kilatini hicho kilichovurugwa, ili fundi wa matangazo azibandike mahali pa habari ambayo bado haijaandikwa. Mwaka 1985 kampuni ya Aldus ya Seattle ikatoa PageMaker, programu iliyomwezesha mtu mmoja, mezani pake, kufanya kazi iliyokuwa ikihitaji karakana nzima, na Kilatini kikahamia humo. Kampuni hiyo ilijipa jina la Aldus Manutius, mchapaji wa Venisi aliyefariki mwaka 1515, ambaye alizitumia siku zake kuwachapa waandishi wa Kiyunani na wa Kirumi wasomeke sawasawa. Na katika programu yenye jina lake, Mrumi mmoja akachapwa ili asisomwe.

Asisomwe: hapo ndipo ilipo hikima ya desturi hii, na ni hikima ya kweli. Mpe mwenye jarida ukurasa uliojazwa makala ya mwaka jana, umwombe rai yake juu ya upana wa pambizo, naye kabla ya kufika aya ya pili atakuwa ameshika kalamu anasahihisha tahajia, analalamika kwamba takwimu zimepitwa na wakati, anauliza mwandishi yule alilipwa kiasi gani. Maana macho ya mtu ajuaye kusoma hayana hiari, yakiona neno la lugha yake huliingia hata kama hakualikwa. Maneno yasiyosomeka humfungia mlango huo kwa jamala, yakamwacha autazame uzito wa safu, mwanga ulio baina ya mistari, na mahali picha ilipokaa. Mafundi wa khati walilijua jambo hili zamani. Ibn Muqla, waziri na mwandishi wa Baghdad aliyekufa mwaka 940, aliweka kanuni ya kuipima kila herufi kwa nukta za kalamu, hata mwanafunzi akawa anajifunza nisba ya alifu na bee kabla ya kujali neno litakaloundwa. Na wanakili wa vitabu waliiweka karatasi juu ya mistara, ubao wenye nyuzi zilizotandikwa kwa vipimo, wakaisugua kwa kidole ili mistari ibaki kama alama nyepesi isiyo na wino. Kote huko umbo lilipewa saa yake, na maana ikaombwa isubiri.

Lakini liangalie sharti alilolitanguliza Ibn Muqla, ambalo ni rahisi kulipita bila kuliona: nukta ilipigwa kwa kalamu ile ile itakayoandika. Ukibadilisha kalamu, kipimo nacho hubadilika, kwa sababu kipimo hakikuletwa kutoka nje ya kazi. Sharti hilo ndilo linalovunjwa kila mara jarida la Kiswahili linapopangwa kwa Kilatini cha kujazia, na linavunjwa bila mtu kulitambua, kwa kuwa ukurasa unapendeza.

Tukitazame kipande chenyewe kwa karibu. Kina maneno 69. Mtu akikipitia herufi kwa herufi hatakutana na j, wala k, wala w, wala y, wala z. H ataiona mara moja tu. Ilhali atakutana mara kadhaa na q na x, herufi ambazo Kiswahili hakina kazi nazo. Sasa ziondoe k, w, y na z katika sentensi yoyote ya Kiswahili, uone kitakachobaki mkononi. Herufi hizi nne zote zina mikono ya mshazari, na popote zinapokaa huacha pembe za uwazi pembeni mwake; ukurasa wenye wingi wake huwa na sura nyingine, mwepesi zaidi na wenye vishimo vishimo vya mwanga, kuliko ukurasa wa Kilatini uliojaa m, n, i na u zilizosimama wima kama nguzo za baraza. Fauka ya hayo, maneno mengi ya kipande hicho huishia kwa konsonanti, ilhali ya kwetu karibu yote huishia kwa irabu. Fonti iliyochaguliwa kwa kuwa ilimeta katika Kilatini yaweza kuwa na w pana mno au y yenye mkia unaogusa mstari wa chini, na ila hiyo haitaonekana mpaka makala ifike, saa ambayo aghalabu hakuna tena wasaa wa kubadilisha fonti.

Tena lipo suala la urefu. Neno refu kuliko yote katika kipande hicho lina herufi 13. Kiswahili, ambacho hubeba mtenda, wakati, urejeshi na mtendwa ndani ya kitenzi kimoja, huweza kutoa neno kama "tulivyokwishaelezana", lenye herufi 20, bila mwandishi kuwa na nia ya kumchosha mtu. Chukua karatasi ya A4, yenye upana wa milimita 210. Acha pambizo za milimita 15 kila upande, igawe sehemu iliyobaki kwa safu 3 zenye uwazi wa milimita 5 baina yake, na kila safu itapata karibu milimita 57. Kwa herufi za pointi 10, mstari wa safu hiyo huchukua herufi 33 hivi. Neno letu la herufi 20 likifika mwishoni mwa mstari na lisipate pa kukaa, programu hulisukuma lianze mstari wa chini, na maneno mawili matatu yaliyoachwa juu huvutwa ili yaguse kingo zote mbili, yakasimama mbalimbali kama watu waliogombana. Mistari kadhaa ya namna hiyo ikifuatana, nyufa hukutana, na mfereji mweupe hushuka katikati ya aya. Kilatini kilichokaa hapo wiki nzima hakikuonyesha ufa hata mmoja.

Dawa ya nyufa ni kulikata neno kwa kistari, na dawa hiyo nayo ina sharti lake. Silabi ya Kiswahili aghalabu huishia kwa irabu, hivyo "wanafunzi" hukatika wa-na-fu-nzi, na n na z za mwisho haziachani. Lakini programu ambayo imeambiwa kwamba maandishi ni ya Kiingereza hukata kwa kanuni za Kiingereza, ikaweza kuiacha n juu na kuishusha z peke yake. Jambo hili pia maneno ya kujazia hayawezi kulifichua, kama yasivyoweza kufichua jinsi alama ya ritifaa inavyokaa baada ya g katika "ng'ambo" au "ng'ombe", kwa kuwa humo hamna ng' hata moja.

Mpiga chapa wa zama za herufi za risasi, zama ambazo gazeti la Mambo Leo lilianza kutoka Dar es Salaam mwaka 1923, hakuweza kudanganyika kwa urahisi hivyo. Herufi za risasi ziliuzwa kwa mafungu yaliyogawanywa kwa kadiri ya mahitaji ya lugha, na fungu la Kiingereza lilikuwa na e nyingi kupita herufi nyingine zote. Fundi aliyejaribu kupanga Kiswahili kutoka katika kasha la namna hiyo angeishiwa na a, na k, na w, huku e zimelala zimejazana bila kazi. Kidole chake kingegusa mbao ya chini ya kasha, na kazi ingesimama. Upungufu wa kipimo ulikuwa na sauti. Programu ya kompyuta haiishiwi na herufi kamwe, na kwa sababu hiyo kipimo kisichofaa kinaweza kukaa ndani yake miaka na mikaka bila kumgutusha mtu.

Hapa ndipo menyu inapoingia. Tuchukue InDesign, programu iliyotolewa na Adobe mwaka 1999 na ambayo leo hutumika katika vyumba vingi vya magazeti na vitabu. Msanifu huchora fremu, huiweka teuzi, hupanda juu kwenye menyu ya maandishi, hushuka orodha ndefu ya amri za fonti, ukubwa, aya na alama maalumu, na karibu na mwisho wa orodha hukuta amri ya kujaza maneno ya muda. Akiibofya, fremu hujaa mara moja kwa Kilatini cha bandia. Hakuulizwa lugha gani, wala urefu gani, wala kama ana maneno yake mwenyewe. Kwa dhahiri, mambo yamekwisha. Kwa batini, hayakwisha: mtu akiibofya amri hiyo huku ameshikilia kitufe cha Ctrl, au Command katika Macintosh, hufunguka kisanduku kinachomtaka achague hati na lugha za namna nyingine, Kiarabu, Kiyunani, Kiebrania na kadhalika. Na lipo la batini zaidi: akiandika faili ya maandishi matupu, akaipa jina Placeholder.txt, akaiweka ndani ya folda ya programu yenyewe, basi tangu siku hiyo amri ile ile itamimina maneno ya faili yake badala ya Kilatini. Yaani dawa ya taabu zote nilizozieleza imo ndani ya programu, nzima, na bila malipo ya ziada. Lakini katika menyu hapana herufi moja inayoitaja.

Ada ya menyu tangu zamani ilikuwa kutoficha hivyo. Bill Atkinson na wenzake wa kampuni ya Apple walipozitengeneza menyu za kushuka kwa ajili ya kompyuta ya Lisa, iliyotoka mwaka 1983, na kisha Macintosh ya mwaka 1984, walikuwa wanamwondolea mtu mzigo wa kuhifadhi amri kichwani. Badala ya kuandika neno ambalo sharti alikumbuke herufi kwa herufi, alifungua orodha akaona yote yaliyomo, akachagua. Kukazuka adabu ndogo ndogo ambazo mtumiaji hujifunza bila kufundishwa: amri isiyoweza kutumika kwa sasa huwa na rangi ya kijivu lakini haiondolewi, ili mtu ajue ipo, na amri ambayo itauliza swali kabla ya kutenda hufuatwa na nukta tatu, ili mtu abofye bila hofu akijua kwamba atapewa nafasi ya kughairi. Jakob Nielsen, katika kanuni zake za mwaka 1994, aliliweka jambo hili katika kaida moja, kwamba mtu asilazimishwe kukumbuka jambo ambalo angeweza kulitambua kwa kuliona. Amri ya kujaza maneno ya muda haina nukta tatu, ingawa swali lipo nyuma yake. Na faili ya Placeholder.txt huijua tu yule aliyeisoma mahali au aliyeambiwa na mwenziwe.

Sharti tuwe waadilifu: anayeficha si lazima awe na inda. W. E. Hick alionyesha mwaka 1952 kwamba kadiri machaguo yanavyoongezeka ndivyo muda wa kuamua unavyorefuka, na menyu yenye kila kitu huwa kama duka lililotundika bidhaa zake zote mlangoni hata mteja asione pa kupitia. Mwenye duka hana budi kuamua kipi kikae rafuni na kipi kikae stoo. Kampuni ya Microsoft ilijaribu kuiachia kompyuta uamuzi huo: katika Office ya mwaka 2000 menyu zilifupishwa zenyewe, amri zisizotumiwa zikajificha mpaka mtu aziite, na watumiaji wengi wakachukia, kwa kuwa amri waliyoiona jana leo hawaioni, na mahali pake pamehama. Katika Office ya 2007 mpango huo uliondoka pamoja na menyu zenyewe, katika Word, Excel na PowerPoint, zikawekwa tepe za vitufe. Word ilikuwa na njia yake ya maneno ya kujazia, iliyofichika kuliko zote: mtu huandika =rand() peke yake katika mstari, akabonyeza Enter, na aya zikatokea; tangu 2007 akiandika =lorem() hupata Kilatini. Hapana menyu hapo hata kidogo, ni siri ya kupokezana mdomoni. Scribus, programu ya bure ya kupanga kurasa, imekwenda upande wa pili: amri yake ya maneno ya mfano huuliza kwanza, ikafungua orodha ya lugha, na anayechoshwa na swali ana mahali katika mipangilio pa kuamuru litumike daima lile la Kilatini. Njia hii huchelewesha mkono kwa bofyo moja au mawili. Lakini mtu aliyechagua Kilatini humo anajua amechagua, na kesho akitaka lugha nyingine anajua pa kwenda.

Tofauti hiyo ndiyo ninayoiona kuwa na uzito. Chaguo-msingi ni hukumu iliyotolewa mapema na mtu ambaye hakuwapo pale kazi ilipofanywa, kwa niaba ya watu ambao hakuwaona. Likiwa na swali mbele yake, hukumu hiyo ni shauri. Likiwa halina, huwa sheria, na watu huizoea sheria mpaka wakaiita tabia ya kazi. Wahenga walisema asiyekuwapo na lake halipo. Kiswahili hakikuwapo chumbani siku amri ile ilipopewa nafasi yake katika menyu, kwa hiyo k zetu, w zetu na vitenzi vyetu virefu havikuwapo pia, na kila ukurasa unaopimwa kwa amri hiyo unapimwa kwa kutokuwapo kwetu.

Wala watengenezaji wa programu hawawezi kusema kwamba jambo hili ni geni kwao, maana katika kazi yao wenyewe walikwisha kulikabili. Menyu nayo ni ukurasa mdogo wenye maneno, na vitufe vilivyokatwa kwa kadiri ya maneno mafupi ya Kiingereza huyameza maneno ya lugha ndefu. Jaribio lolote la kuandika menyu kwa Kiswahili, kama lile la Jambo OpenOffice lililotokana na mradi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam mwaka 2004, hulazimika kupambana na upana ambao ulikwisha kuamuliwa kwingine. Basi wataalamu wakabuni hila nzuri, iliyotumika katika utengenezaji wa Windows Vista: kabla menyu hazijatafsiriwa, hujazwa maneno ya bandia, yaliyorefushwa kwa makusudi na kuvikwa alama za juu na za chini, ili fundi aone mapema wapi neno litakatwa na wapi herufi haitaonekana. Hayo ni maneno ya kujazia kwa maana yake bora kabisa. Hayasomeki, hivyo hayamshughulishi mtu. Lakini yamepimwa kwa wale watakaokuja, na kazi yake ni kulifichua kosa wakati kulitengeneza bado ni rahisi. Walivyoitendea menyu ndivyo ukurasa nao ulivyostahili kutendewa.

Huenda mtu akasema kwamba Kiswahili cha kujazia kitasomwa, na ya kuwa yule mwenye jarida atarudi na kalamu yake. Hoja hii ina nguvu, na jibu lake limo katika kisa cha Cicero: naye alisomeka, mpaka alipovurugwa. Kiswahili nacho chavurugika. Chukua nathari ya kawaida ya gazeti, zipangue sentensi zake, ubakize sarufi na uitoe maana, upate mfano wa mstari huu: Kwa hiyo nyakati za mazungumzo hazikuwekewa kizingiti na wale waliokwisha kuyahesabu, ng'ambo ya yaliyokunjwa wala chini ya mghafala wa jioni ijayo. Jicho litaingia, litatafuta pa kushika, litakosa, na baada ya mistari miwili litakata tamaa na kuutazama ukurasa. Huku nyuma k, w, y na z zimekaa mahali pake kwa wingi wake wa haki, ng' imejaribiwa, na "waliokwisha" na "hazikuwekewa" zimeipima safu kama zitakavyoipima siku ya kweli.

Kazi hiyo ifanywe na mhariri, asiachiwe msanifu peke yake, kwa kuwa mhariri ndiye ajuaye lugha ya jarida lake. Nathari ya jarida la dini haina urefu wa maneno ulio sawa na ya jarida la michezo, na jarida linalochapisha mashairi lahitaji pia beti za kujazia, zenye vina na mizani, ili safu ya shairi isije ikapimwa kwa nathari. Ipo na hatari moja ambayo Kilatini hakina, nayo haifai kufichwa: aya ya Kilatini iliyosahaulika katika ukurasa wa Kiswahili humrukia msahihishaji machoni, ilhali upuuzi wenye sarufi nzuri waweza kumpita akiwa amechoka, ukaenda hadi kwa msomaji. Kwa hiyo maneno hayo yapewe mtindo wake wa aya, wenye rangi nyekundu, na kila aya ianze kwa alama ambayo haipatikani katika makala yoyote, ili kabla ya ukurasa kupelekwa mtamboni itafutwe kwa amri ya kutafuta, na ikipatikana hata moja, kazi isiondoke. Kisha lugha ya ukataji wa maneno iwekwe mapema mahali pake, na kama programu haina kanuni za Kiswahili, basi ukataji uzimwe na safu zipangwe upande mmoja bila kuvutwa kingo mbili. Ni afadhali ukingo usio sawa kuliko mfereji katikati ya aya.

Kwa watengenezaji wa programu haja yetu ni ndogo: nukta tatu mwishoni mwa amri ile, na nyuma ya nukta hizo orodha yenye mstari mmoja unaomwambia mtumiaji kwamba anaweza kuleta maneno yake mwenyewe. Kwa upande wetu, faili ya maandishi matupu yenye kurasa mbili za Kiswahili kilichovurugwa vizuri haizidi kazi ya alasiri moja, na ikishawekwa katika folda ya programu itamtumikia kila msanifu atakayekalia kompyuta hiyo, pamoja na yule ambaye hatajua kamwe ni nani aliyeiweka. Majarida na wachapishaji wanaochapa kwa lugha hii wangeweza kuiandika mara moja, wakapeana.